Karai la Alhamisi la Mzee Matthew Mukhwana

Mchungaji, wazee wetu wa Sirisia, mashemeji kutoka Myanga, nyinyi mliotoka Kitale alfajiri na matope ya barabara yetu hayakuwarudisha, na majirani ambao mmekesha nasi wiki nzima, familia imempa Vivian Nekesa, kitinda mimba wa marehemu, kazi ya kuandika historia ya baba yake na kuwasomea, na kwa kuwa historia ya marehemu si mahali pa mtu kusema mimi na mimi, Vivian atajitaja kwa jina lake kama anavyowataja wengine, hata pale itakapokuwa vigumu. Mnaombwa mumvumilie ikiwa ndefu, kwa sababu marehemu mwenyewe hakupenda hotuba fupi wala nyama ya kupima kwa wasiwasi.

Mzee Matthew Mukhwana Khaemba alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, hapa hapa Sirisia, katika nyumba iliyokuwa pale penye migomba nyuma ya hema, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Khaemba na marehemu Rasoa, na hakuja peke yake, maana muda mfupi baadaye alifuata pacha wake, na kama ilivyo desturi yetu Wabukusu, aliyetangulia akaitwa Mukhwana na aliyefuata akaitwa Mulongo. Walilala kitanda kimoja, wakala sahani moja, na mwezi wa Januari 1965 wakaanza darasa la kwanza siku moja, lakini Mulongo hakuwa na nguvu za mwenzake, akikimbia hatua ishirini alichuchumaa chini, magoti kifuani, midomo imegeuka rangi ya zambarau, akakaa hivyo mpaka pumzi imrudie, halafu akainuka akakimbia hatua ishirini nyingine. Watu walisema mengi, kwamba ni mvivu, kwamba yuko jirani aliyemtazama vibaya, kwamba kwa mapacha lazima mmoja amnyonye mwenzake nguvu, na hili la mwisho ndilo Mukhwana alilolisikia na kuliamini. Mulongo alifariki tarehe 21 Juni 1965, njiani kutoka mtoni, akiwa amechuchumaa na pacha wake amemshika bega, na walikuwa na umri wa miaka saba. Baba aliwaeleza watoto wake kisa hicho mara moja tu, na akakieleza huku akinoa kisu, bila kuinua macho.

Aliendelea na masomo hapa Sirisia mpaka darasa la saba, akafanya mtihani wa mwisho mwaka 1971 na kuupita vizuri, ila karo ya sekondari haikupatikana, akabaki nyumbani akilima mahindi na kuwachunga ng'ombe wa babake, na mwezi wa Februari 1977 akaenda Kitale kutafuta kazi akiwa na shati moja la kubadilisha. Mzee Ndirangu, aliyekuwa na bucha karibu na soko, ndiye aliyempokea na kumpeleka kichinjioni, akamfundisha kuchuna ngozi bila kuitoboa, kutoa mapafu na moyo kwa mkupuo mmoja, na kuuvua moyo ule utando mweupe unaoufunika kama soksi, utando ambao hauliwi, ambao kwa miaka ishirini na tisa marehemu aliukata kila asubuhi na kuwatupia mbwa wa kichinjio. Ndirangu alizoea kusema kwamba kijana huyo ana mkono wa fundi cherehani, na kwamba ng'ombe akichinjwa na Mukhwana hata mkaguzi wa nyama hufika mapema ili aone.

Tarehe 1 Julai 1989 alifungua bucha yake mwenyewe mjini Kitale na kuiita Bucha ya Mapacha, jina lililowasumbua wateja, maana walimwona mtu mmoja tu nyuma ya mizani, na wengi waliuliza pacha mwingine yuko wapi, naye hakuwahi kueleza zaidi ya kusema ametangulia, kisha akaongeza kipande juu ya mzani. Mama alilalamika kwamba kwa swali hilo moja mji mzima umekula ng'ombe bila kulipa.

Mama huyo ni Everlyne Nasimiyu, binti wa Myanga, aliyefunga ndoa takatifu na marehemu siku ya Jumamosi, tarehe 15 Desemba 1984, na mashemeji walioko hapa ni mashahidi kwamba kabla ya kumsalimia binti mwenyewe, marehemu alimpelekea mama mkwe maini kila Jumamosi kwa miezi minne, hata ikafika mahali yule mama akamwambia bintiye waziwazi, "Huyu ukimkataa, basi mimi nitaolewa naye." Mungu aliwajalia watoto wanne, Protus aliyezaliwa mwaka 1986, Metrine mwaka 1989, Sylvanus mwaka 1992, na Vivian, tarehe 9 Septemba 1998, na kwa jumla marehemu ameacha wajukuu tisa.

Sasa tunafika mahali ambapo historia hii inageuka. Mwezi wa Machi 2003 marehemu alikuwa akimpelekea mwalimu mmoja nyama katika shule ya chekechea aliyosoma Vivian, na kutoka langoni akamwona mtoto wake akikimbia na wenzake, kisha mtoto akasimama ghafula, akachuchumaa, magoti kifuani. Waliokuwepo wanasema mfuko wa nyama ulimdondoka, akavuka uwanja wote na viatu vyake vya kichinjio, akamshika mtoto bega, na asimwachie mpaka wakafika zahanati. Huko waliusikia moyo ukitoa sauti isiyo yake, wakamwandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa, na baada ya safari nyingi na vipimo vingi akaambiwa kwa lugha nyepesi kwamba moyo wa Vivian ulizaliwa na tundu kwenye ukuta wa katikati, na kwamba njia ya damu kwenda mapafuni ni nyembamba mno, ndiyo maana damu isiyo na hewa safi inapenya na kuzunguka mwilini, na mtoto anachuchumaa kwa sababu kuchuchumaa kunamsaidia. Marehemu aliuliza swali moja tu, kama mtoto wa namna hiyo ananyonywa nguvu na ndugu yake, na daktari, ambaye hakujua anaulizwa nini, akacheka kidogo na kusema hapana, amezaliwa hivyo tu. Mama anasema siku hiyo alimwona mumewe akilia kwa mara ya kwanza, na hakuwa akimlilia Vivian.

Tiba ilikuwa moja, kupasua kifua, kulishona tundu kwa kiraka na kuipanua ile njia kwa kiraka kingine, na hospitali ya misheni iliyoko nje kidogo ya Kitale ilikuwa ikipokea timu ya upasuaji wa moyo mara mbili kwa mwaka, ikiongozwa na Daktari Tejinder Kaur, ambaye wengi wa Kitale mnamfahamu kama binti wa Amarjit wa duka la vifaa vya ujenzi, msichana aliyekulia nyuma ya kaunta akipima misumari kabla hajaenda kusomea mioyo. Zamu ya Vivian ilifika tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na umri wa miaka saba, umri ule ule wa Mulongo, na marehemu aliujua umri huo vizuri, maana tangu mwaka huo uanze hakuwa akilala ila kwa vipande.

Siku mbili kabla, Jumatatu, walipokuwa wamekwisha kulazwa, Sista Jelimo wa chumba cha upasuaji alikuja kuwaeleza kwamba shehena ya viraka imekwama njiani, kwamba vilivyobaki ni viwili tu na vimetengewa watoto walio wadogo zaidi, na kwamba timu inaondoka Alhamisi kabla ya Pasaka na itarudi Oktoba. Marehemu alimtazama bintiye, ambaye midomo yake siku hizo haikuwa ikirudi rangi hata akiwa amelala, akauliza viraka hivyo vinatengenezwa na nini, na Sista Jelimo, akifikiri anamtuliza mzee, akamwambia kwamba ni ule utando unaofunika moyo wa ng'ombe. Sista anasema mzee alimwangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba dawa aliyoisaka mji mzima ilikuwa mfukoni mwake, akaomba ruhusa ya kutoka, akaenda zake bila kuaga.

Wakati huo nyumbani Sirisia palikuwa na fahali mwekundu aliyetengwa kwa ajili ya Sylvanus, ambaye alikuwa apelekwe jandoni mwezi wa Agosti mwaka huo, na sisi sote tunajua fahali wa namna hiyo haguswi, haazimwi wala hauzwi. Marehemu alifika hapa jioni ile ile, akamwamkia marehemu babu kwa heshima, akamwambia anachotaka kufanya, na kulipopambazuka Jumanne akamchinja fahali huyo kwa mkono wake, akautoa ule utando mzima bila tundu hata la sindano, akauosha maji saba, akautia kwenye karai jipya lenye maji ya chumvi, akalifunika kwa kitambaa cheupe cha mama cha kufunikia ugali, na kufikia saa tatu asubuhi alikuwa kwenye lango la hospitali na karai mikononi. Askari wa lango, Bwana Rotich, ambaye tunamwona pale safu ya tatu, alichungulia ndani ya karai akamwambia, "Mzee, jikoni ni huko nyuma," na marehemu akajibu, "Hii si ya jikoni, bana. Hii ni ya daktari, na amechelewa."

Wangekuwa wengine wangemcheka, na wapo waliocheka, lakini Daktari Tejinder, ambaye hajawahi kuonja nyama ya ng'ombe maishani mwake, alivaa glavu, akaunyanyua ule utando, akautandaza kwenye mwanga wa dirisha, akauzungusha, na kusema kwamba hajaona ukikatwa vizuri hivyo hata kiwandani. Kisha akamketisha marehemu kwenye benchi na kumweleza taratibu kwamba viraka vya hospitali hutoka kwa mnyama kweli, lakini hulowekwa kwenye dawa kwa siku nyingi, vikauliwa vijidudu vyote, ili mwili wa mtoto uvikubali na visioze, na kwamba huu wa kwenye karai, pamoja na uzuri wake wote, ungemuua Vivian. Marehemu aliweka mikono juu ya magoti, na Sista Jelimo anasema hajawahi kuona mtu mkubwa namna ile akiwa mdogo namna ile.

Ndipo daktari alipomwambia kwamba Vivian naye ana utando wake mwenyewe, kwamba unaweza kukatwa kipande, ukatiwa dawa kwa dakika chache na kushonwa pale pale, na kwamba hivyo ndivyo watakavyofanya kesho. Baba aliamini mpaka mwisho wa maisha yake kwamba yeye ndiye aliyempa daktari wazo hilo, na alilisimulia hivyo kwenye harusi, kwenye mazishi na kwa mkaguzi wa nyama. Daktari Tejinder ametuambia wiki hii, kwa upole, kwamba ni njia ya siku zote na timu ilikuwa imekwisha kuamua kabla karai halijafika, ila hakuona sababu ya kumwambia, na familia nayo haikuona.

Lakini kulikuwa na karatasi ya kusaini. Jumatano asubuhi marehemu alikabidhiwa kalamu, akauliza kama ni kweli kwamba watausimamisha moyo wa mtoto na kuacha mashine ifanye kazi yake, akaambiwa ni kweli, na mkono wake ukakataa. Mtu huyu alikuwa ameshika mioyo mingi kuliko mtu yeyote katika jengo lile, na yote ilikuwa imesimama, na hakuna hata mmoja uliowahi kuanza tena. Aliirudisha kalamu, akatoka nje akasimama ukutani, na aliyesaini ni mama, jambo ambalo marehemu hakulificha, bali alilitaja kila Alhamisi kwa miaka kumi na tisa, kama mtakavyosikia.

Upasuaji ulichukua saa saba. Alipoingia kumwona mtoto, na mipira imemzunguka, marehemu hakuangalia mashine wala kovu, aliinama akaangalia midomo, akasema, "Ni nyekundu, Everlyne. Njoo uone, ni nyekundu." Agosti hiyo Sylvanus alipelekwa jandoni, mjomba wake wa Myanga akatoa ng'ombe mwingine, na mpaka leo Sylvanus huwaambia watu kwamba yeye ndiye mwanaume pekee katika Bungoma ambaye fahali wake alilazwa hospitali.

Kuanzia Alhamisi, tarehe 8 Juni 2006, marehemu alianza kazi ambayo hakuna aliyemwajiri wala kumlipa. Alhamisi ni siku ya kliniki ya moyo ya watoto, na Daktari Tejinder alikuwa amemlalamikia kwamba wazazi wengi wakisikia habari ya kupasua kifua wanambeba mtoto na kutorokea nyumbani, wengine wakarudi kwa waombeaji, wengine wasirudi kabisa, basi marehemu akafunga karai lake kwenye baiskeli, ndani yake moyo mzima wa ng'ombe wa asubuhi hiyo, akaenda akaketi kwenye meza ya mwisho ya kliniki. Aliupasua mbele ya wazazi, akawaonyesha vyumba vyake vinne, akatoboa ukuta wa katikati kwa ncha ya kisu, halafu akamwambia mama wa mtoto, "Weka kidole hapo, mama. Umesikia? Si uchawi, si dhambi ya mtu, ni tundu tu." Akamimina maji upande mmoja yakatokea upande wa pili, akakata kipande cha utando, akakishona juu ya tundu kwa sindano na uzi, akamimina tena, na maji yakabaki pale pale. Baada ya hapo ndipo aliposema, bila kuulizwa, kwamba yeye mwenyewe alishindwa kusaini, kwamba kuogopa si ujinga, na kwamba anayeogopa aseme, asikimbie.

Sista Jelimo anakadiria kwamba wazazi zaidi ya mia tatu waliweka kidole kwenye mioyo ya karai lile. Alifika wakati wa mvua na wakati wa vurugu za uchaguzi, alifika siku ambayo Protus alikuwa anaoa, na alikuja harusini akinuka dawa ya kunawia mikono. Mwaka 2011 Mama Lajwanti, ambaye familia yake ina duka la vitambaa Kitale na haigusi nyama, alimleta mjukuu wake, na Alhamisi hiyo karai lilifika na pilipili hoho, kwa kuwa marehemu alikuwa amezunguka soko zima akipasua mboga moja baada ya nyingine mpaka akapata yenye vyumba na kuta kama moyo, na wauza mboga wakamdai zile alizoziharibu. Mama Lajwanti aliweka kidole, akauliza kiraka chenyewe kitatoka wapi, marehemu akamwita daktari, na mjukuu yule akashonwa kwa utando wake mwenyewe, na leo ni mwanafunzi wa chuo.

Ingekuwa si haki kusoma mazuri peke yake. Sio watoto wote waliorudi. Mwezi wa Oktoba 2013 Mama Chesang, kutoka Kapsokwony, alisaini kwa sababu ya karai, na mtoto wake Chesang, wa miaka mitatu, alifariki siku mbili baada ya upasuaji. Marehemu alipanda mlima kwenda mazishi, akakaa nyuma kabisa, akarudi Kitale, akaligeuza karai kifudifudi nyuma ya bucha, na kwa Alhamisi tisa hakwenda popote. Alhamisi ya kumi Mama Chesang mwenyewe aliingia buchani, na wote waliokuwa kwenye foleni walimsikia. "Ulinionyesha ukweli," alisema. "Hawa wengine nani atawaonyesha? Ati uko hapa unakata mbavu?" Marehemu aliacha mbavu juu ya gogo, akalichukua karai, na Mama Chesang yuko nasi leo, tunamshukuru sana.

Mwezi wa Novemba 2024 marehemu alianza kupata shida ya kumeza, akapimwa, ikaonekana ni saratani ya umio, na akaanza matibabu mwezi wa Desemba mjini Eldoret. Aliugua kwa uvumilivu, ingawa si kwa ukimya, kwa sababu alikosoa uji wa kila hospitali aliyolazwa. Aliendelea na Alhamisi zake mpaka mwisho wa Agosti mwaka huu, wakati Sylvanus, ambaye sasa ndiye anayeendesha bucha, alikuwa akimpeleka kwa pikipiki na kulishika karai, na sauti ilipopungua akawa anaelekeza kwa kidole tu.

Alhamisi yake ya mwisho, tarehe 28 Agosti, alikutana na mama mmoja kijana kutoka upande wa Mlima Elgon, ambaye ametupa ruhusa ya kumtaja lakini si jina lake, mwenye mtoto wa kike wa miaka miwili anayechuchumaa. Mama huyo aliweka kidole, akaona maji, akaona kiraka, akamsikiliza marehemu mpaka mwisho, kisha akakataa. Upasuaji wa mtoto wake umepangwa Jumanne ijayo, tarehe 21 Oktoba, na wauguzi walisema mtoto hatafika zamu ya mwaka ujao. Marehemu alimwahidi kwamba atakuja tena Alhamisi inayofuata, na hiyo ndiyo ahadi pekee ya kazi tunayojua kwamba hakuitimiza, kwa sababu Alhamisi inayofuata hakuweza kusimama.

Kuanzia siku hiyo alikuwa na swali moja. Alipokuwa na sauti aliliuliza kwa sauti, "Yule mama amesaini?" na sauti ilipokwisha aliuliza kwa kuandika hewani kwa kidole, kama mtu anayeshika kalamu. Vivian alipiga simu hospitali kila siku na kila siku jibu lilikuwa bado. Wiki ya mwisho Metrine, kwa huruma, alisema tumwambie tu amesaini, mzee apumzike, na mama akakataa. "Huyu mtu hajawahi kuuzia mtu nyama ya jana akasema ni ya leo," mama alisema. "Hatumdanganyi." Jumamosi jioni, tarehe 11 Oktoba, aliandika hewani mara tatu, na mara tatu mama akamshika mkono na kumwambia bado. Alifariki Jumapili, tarehe 12 Oktoba 2025, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake Kitale, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Juzi Alhamisi ng'ombe wa matanga alichinjwa hapa na Sylvanus, na shangazi zetu walipotafuta moyo hawakuuona, na maneno yakawa mengi jikoni, ati moyo wa ng'ombe wa matanga umepelekwa Kitale kufanya nini, watu watasema nini. Familia inawaomba radhi. Moyo huo ulikuwa kwenye karai, na karai lilikuwa kwenye magoti ya Vivian, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na hajawahi kushika kisu cha bucha, na Sista Jelimo alikuwa amempigia yule mama simu na kumwomba aje mara moja tu. Vivian alikata vibaya, ukuta ukachanika zaidi ya ilivyopaswa, na kiraka chake cha kwanza kilivuja, ikabidi arudie. Mama yule akauliza swali lile lile la marehemu siku ya karatasi, "Na watausimamisha?" na Vivian akamjibu kwamba ndiyo, wake ulisimamishwa kwa saa moja na dakika ishirini, kisha akakichukua kile kidole, kikiwa bado kimelowa, akakiweka kwenye kovu lake, chini ya shingo, na kukishikilia hapo mpaka yule mama akasikia kinachopiga. Alisema atafikiria, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda, na Vivian akarudi Sirisia na karai tupu, akiwa na hakika kwamba ameshindwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu Eldoret, wakiwemo waliomletea uji mwingine, Daktari Tejinder ambaye ameahirisha safari yake ili awe hapa, Sista Jelimo na wafanyakazi wote wa kliniki ya Alhamisi, Bwana Rotich aliyefungua lango, wachinjaji wa Kitale waliofunga kazi jana kwa heshima yake, familia ya Mzee Ndirangu, Mama Lajwanti na familia yake, mashemeji wa Myanga kwa ng'ombe wa mwaka 2006 ambaye hatujamsahau, na majirani wa Sirisia kwa kuni, maji, mahema na nyimbo. Kama kuna mtu tumemsahau, atusamehe, si kwa kutojali.

Na mwisho Vivian ameomba amalize akimwambia baba yake, maana aliondoka akiwa anasubiri jibu. Baba, jana Ijumaa, saa kumi jioni, tulipokuwa tunafunga hema, Sista Jelimo alipiga simu. Yule mama alirudi hospitali peke yake, kwa miguu kutoka stendi, mtoto mgongoni, akaomba kalamu. Alipopewa, Sista anasema, aliiweka kwanza mezani, akamwuliza kama ni kweli kwamba na wewe kalamu ilikushinda, akaambiwa ni kweli.

Amesaini, baba. Sasa weka mkono chini, upumzike kwa amani.